Kivuli cha Adhuhuri: Kupanga Mitaa ya Garissa kwa Jua Lake



Nimeombwa nizungumzie mitaa ya kijani katika miji ya ukame. Habari za Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011, za manispaa na fedha zake, wengi mliomo humu mnazifahamu, kwa hiyo naziacha. Jioni hii nina ugomvi na hoja moja tu.

Hoja hiyo niliisikia katika kikao cha wapangaji wa miji. Ilionyeshwa picha ya setilaiti ya mji wetu, madoa ya kijani yametapakaa tangu ukingo wa Mto Tana hadi nje ya bula, yaani vitongoji, za mwisho. Msemaji akatuambia Garissa inakwenda vizuri, kijani kimeongezeka, kilichobaki ni miche zaidi. Watu wakapiga makofi. Hakuna aliyeuliza kijani kile ni mti gani.

Ni mathenge. Aliyewahi kuchunga mbuzi hapa hahitaji setilaiti kumwambia. Mti huu uliletwa Kenya mwaka 1973 kufunika machimbo ya Bamburi, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukasambazwa Baringo na bonde la Tana kama dawa ya ukame. Na kweli ulishika. Mbuzi hula maganda yake matamu, mbegu zikapita tumboni, zikatoka na samadi zikiwa tayari kuota. Miiba yake hutoboa kwato na magurudumu. Mwaka 2006 Wailchamus wa Baringo waliipeleka serikali mahakamani, na mbuzi asiye na meno akafikishwa kortini kama ushahidi wa madhara ya mti huo. Mwaka 2008 serikali hiyohiyo ikautangaza mathenge kuwa gugu haribifu. Kwa kipimo cha wingi, basi, huu ndio upandaji miti uliofaulu kuliko mwingine wowote katika nchi kavu ya Kenya. Kipimo kinachompa mathenge ushindi hakifai kupimia mtaa wanamoishi watu.

Wenzangu watanijibu kwamba Katiba, kifungu cha 69, inataka miti ifunike angalau asilimia 10 ya ardhi, na kwamba taifa limeahidi miti bilioni 15 ifikapo 2032. Tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa hata siku ya mapumziko tukapande. Kwa Mau na Aberdare sina neno. Huko msitu unalinda chemchemi, na idadi ina maana yake. Lakini mtaa si msitu. Mtaa una mama anayetoka sokoni na mtungi wa maziwa ya ngamia, una mtoto anayerudi shuleni saa saba mchana joto likiwa limepita nyuzi 35. Nani amewahi kuuliza wawili hao wanapita wapi? Miche ya sherehe hupandwa pale mgeni anapoweza kupigwa picha, ikazungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, na kiangazi cha pili hubaki mawe.

Sasa nije kwenye jua lenyewe, kwa sababu wapangaji wetu hulisahau. Garissa iko karibu nusu digrii tu kusini mwa Ikweta. Waadhini wetu wanalijua hili kuliko wahandisi, maana wakati wa adhuhuri na wa alasiri hujulikana kwa kivuli. Mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Septemba, mti wa kupimia ukisimamishwa wima adhuhuri, kivuli chake hutoweka chini yake. Hata Juni na Desemba, jua likiwa mbali kabisa, ukuta wa mita 2 na nusu hautupi kivuli zaidi ya kama mita 1. Kwa hiyo katika barabara ya mita 9, ile tunayoizoea kwenye michoro ya kugawa viwanja, ukuta haumfichi mpita njia wakati anapouhitaji. Kinachomfaa ni kitu kilicho juu ya kichwa chake.

Waswahili wa Lamu, majirani zetu, walilijua hilo zamani. Hapa mniwie radhi nikae kidogo na kitabu ninachokipenda, kile cha Usam Ghaidan kuhusu mji wa Lamu, kilichotoka mwaka 1975. Ghaidan alifundisha usanifu majengo Chuo Kikuu cha Nairobi, na alipofika Lamu alikwenda kupima. Alichora nyumba chumba kwa chumba: daka la kupokelea wageni, kiwanda, yaani ua ulio wazi kwa upepo, misana, yaani vyumba virefu vyembamba, mpaka ndani. Ukisoma michoro ile polepole unaona nyumba na kichochoro vinasaidiana. Upana wa vyumba unafuata urefu wa boriti ya mkoko, kuta nene za matumbawe zinachelewesha joto, na kichochoro ni chembamba kiasi kwamba punda mwenye shehena hukijaza. Kisha kuna wikio, chumba kinachovuka juu ya njia kutoka nyumba hadi nyumba. Mtu anapita chini yake kama anayepita sebuleni. Tangu nikiwa mwanafunzi narudi kwenye kurasa hizo, na kila mara najiuliza kwa nini michoro ya mitaa yetu ya bara haikuwahi kujifunza kutoka mji wa majirani zetu.

Garissa haitajenga wikio. Ardhi yetu ni ya mchanga, mapaa yetu ni mabati, na mifugo ya Soko Ng'ombe haipiti kwenye uchochoro. Wikio letu ni mwarobaini.

Ayeyo, bibi yangu mzaa mama, alihamia mtaa wa Waberi, hapa Garissa, baada ya ukame wa 1984. Alikuwa amezoea nyumba ya herio, ile ya jadi ya wafugaji, aliyoijenga kwa mikono yake. Sasa akapata chumba cha mabati. Kabla ya kuweka jiko alipanda mwarobaini upande wa magharibi wa mlango, kwa sababu jua la alasiri ndilo lililokuwa likiyachoma mabati. Kila jioni aliumwagia maji ya kuoshea vyombo. Mbuzi alizuiwa kwa miiba ya mgunga, na mtoto aliyevunja tawi alijua atakayemjibu. Baada ya miaka michache wauza maziwa walikuwa wakipumzika hapo, wakimlipa kwa kikombe. Mti ule ulikuwa na mwenyewe, na hapo ndipo hoja yangu ilipo: mti wa mtaa huishi kwa kuwa na mtu anayejulikana kwa jina. Watu wa misitu wananiambia nakuza mambo. Nimewasikiliza miaka mingi, na bado sijaonyeshwa mti wa barabarani uliokua Garissa bila mlango, kibanda au msikiti wa kuutunza.

Kuna pingamizi la maji, nalo lina uzito. Mvua yetu ya mwaka haifiki nusu ya ile ya Nairobi, na kuna bula ambazo maji bado huja kwa mkokoteni wa punda. Hakuna anayetaka kumwagia mti maji ya kunywa. Lakini tazameni mahali pa kutawadhia. Upo msikiti ninaosali ambao mtaro wake wa saruji umepasuka hatua chache kutoka kwenye bomba. Maji ya udhu yanatiririka kwenye ule ufa, na hapohapo umesimama mwarobaini wenye shina lisilokumbatiwa na mtu mmoja. Haukupangwa na yeyote. Tuseme watu 100 wanatawadha kwa swala tano, kila mmoja kwa lita 2: ni lita 1,000 kwa siku, zinazoweza kushikisha safu nzima ya miche hadi shuleni. Na Mtume, kama tunavyosoma katika Sahihi Muslim, alikataza kujisaidia kwenye njia na kwenye kivuli cha watu. Kivuli kimewekwa pamoja na njia, kama haki ya umma. Sheria zetu za mji hazijafika hapo.

Wengine wataniuliza kwa nini ninamfukuza mgeni mathenge na kumkaribisha mgeni mwarobaini, ambao Pwani umeshaanza kuingia vichakani wenyewe. Ni swali la haki. Mbali na nyumba, na hasa kando ya mto ambako mafuriko ya Novemba 2023 na ya Aprili 2024 yaliwahamisha watu, napendelea mgunga na mswaki, miti ya kwetu. Mlangoni nabaki na mwarobaini, kwa kuwa hauna miiba, mbuzi hauthamini sana, na kina mama wameshauchagua wenyewe.

Kwa hiyo ninachoomba kwa bula mpya ambazo bado hazijapimwa ni hiki. Mchoro wa kwanza uwe wa kivuli, adhuhuri ya Machi. Nyumba zilazwe mashariki kwa magharibi, ili upande mfupi ndio ukabiliane na jua la alasiri. Njia za ndani ziwe nyembamba, malori na mifugo vizunguke nje. Mtaro wa udhu uchorwe pamoja na msikiti, na kila mti uandikwe jina la nyumba inayoutunza, barazani, mbele ya wazee. Mhandisi atasema mizizi hupasua mabomba. Basi bomba na mti vipangwe siku moja, kwenye karatasi moja.

Wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu wataanza Machi ijayo kupima vivuli vya Waberi, nyumba kwa nyumba. Akina mama wa Waberi, mkiwaona uani na kamba zao wakati wa adhuhuri, tafadhali wapeni nafasi, na muwaambie ni nani aliyepanda kila mti.