Laptopu ya Mtumba Isiyoshika Waifai
Msikilizaji wetu wa Tononoka, laptopu yako ya mtumba haishiki waifai ilhali simu inashika? Usikimbilie fundi. Tazama kwanza ubavuni: nyingi za zamani zina swichi ndogo ya waifai, nayo huzimwa kwa kuguswa tu.

Iko sawa? Basi huenda ni ruta. Ruta nyingi za leo hurusha mawimbi ya gigahezi 2.4 na 5, na kompyuta nyingi kuukuu huona ya 2.4 pekee. Mwombe mwenye ruta ayawashe hayo ya 2.4. Nanyi wa Mji wa Kale, zile kuta nene za mawe hudhoofisha mawimbi. Sogeeni karibu na ruta.

Waifai imeshika lakini kurasa hazifunguki? Angalia tarehe ya laptopu, kwani ikikosea kurasa nyingi hukataa kufunguka. Ikiwa inasoma 2009, irekebishe. Ikirudi nyuma tena, betri ndogo ya ndani imekwisha. Hapo sasa mwone fundi.