Kalsiamu na Ateri Umri Unaposonga

Kalsiamu haijengi mifupa na meno tu. Ndiyo pia inayofanya ateri zisinyae. Ukuta wa ateri una misuli laini, na nje ya kila seli yake kalsiamu ni nyingi kuliko ndani kwa takriban mara 10,000. Vijilango vya seli vinapofunguka, kalsiamu huingia, misuli hukaza na njia ya damu hupungua. Ikiondolewa, misuli hulegea.

Ujanani, utando wa ndani wa ateri hutoa gesi ya naitriki oksaidi inayosaidia misuli kulegea. Umri unaposonga, gesi hiyo hupungua, nyuzi zinazonyumbuka hukatika, na kalsiamu huganda ukutani. Ateri hukakamaa kama mpira wa maji uliokaa juani miaka mingi. Ndiyo maana kwa wazee wengi namba ya juu ya presha hupanda.

Mzee wa Usa River au Ngaramtoni anayetumia amlodipini humeza dawa inayozuia kalsiamu kupita kwenye vijilango hivyo. Dawa hiyo ikivimbisha vifundo vya miguu, amweleze daktari, asiache dawa kimyakimya. Presha isiyodhibitiwa huleta kiharusi.

Maziwa na mtindi si adui, kwa kuwa homoni hudhibiti kalsiamu ya damu. Kipimo cha presha cha 140 kwa 90 au zaidi kinachojirudia huhitaji matibabu, na presha hupimwa katika vituo vya afya na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru.