Dalili za Kuangaliwa Baada ya Kupasuliwa Shingo

Wasikilizaji wetu, leo twanena habari za mtu aliyepasuliwa shingo, ama kwa sababu ya rovu, ama ili kutolewa tezi iliyovimba. Kidonda kimefunga, naye amerudi nyumbani. Je, kazi imekwisha? La, imebaki kazi ya macho na masikio yetu sisi tunaomwuguza.

Katika ubongo wa mwanadamu hutoka jozi 12 za mishipa ya fahamu, na baadhi yake hupita shingoni, myembamba kama uzi. Ukivutwa au kukatwa mmoja, kiungo kiutegemeacho hulegea. Galen, tabibu wa karne ya 2 aliyefanya kazi Rumi, alionyesha kwamba nguruwe akikatwa mishipa ya sauti shingoni hunyamaza, ijapokuwa yu hai.

Basi tuangalie mambo manne. Kwanza, sauti. Ikikwaruza, au mgonjwa akipaliwa na maji, huenda tawi la mshipa wa 10 limeumia. Mpira wa kupumulia uliopitishwa kooni wakati wa kupasuliwa nao huweza kukwaruza sauti kwa siku chache. Ikizidi hapo, amwone daktari. Pili, bega. Likishuka, asiweze kuinua mkono vema ili achane nywele, tuushuku mshipa wa 11. Tatu, ulimi. Autoe nje, ukipinda upande mmoja, mshipa wa 12 wa upande huo huenda umeumia. Nne, mdomo. Aonyeshe meno ya chini. Mdomo wa chini ukishuka upande mmoja tu, ule usioshuka huenda ndio wenye dhara, katika tawi la mshipa wa 7.

Lakini akipumua kwa shida, au kwa mlio kooni, au shingo ikivimba ghafula, tusingoje kupambazuke: apelekwe hospitali saa ile ile.

Mwanamke asiyeweza tena kutwika mtungi asiitwe mvivu, wala tusidhani amerogwa. Mshipa uliovutwa tu mara nyingi hupona wenyewe kwa majuma au miezi. Uliokatwa huhitaji mkono wa mpasuaji, na mapema ni bora, kwa maana msuli uliokosa amri siku nyingi hukonda. Wazee husema kawia ufike. Katika jambo hili, akawiaye huenda asifike.