Kabla ya Kununua Chombo cha Kuvuta Tela, Pima Kilima

Katika mazungumzo yetu ya leo tutaangalia habari za tela, lile la kubebea samadi, mihogo, chakula cha kuku au mapipa ya maji. Nataka tujibu swali moja: chombo gani kinafaa kulivuta? Je, ni pawatila, pikapu au trekta kubwa?

Swali hili huulizwa sana na wakulima wa Gongo la Mboto. Wengi wao wanaishi mjini lakini mashamba yako Kisarawe, Chanika au Msongola, na bustani za mchicha na matembele ziko mabondeni. Mtu hunijia akaniuliza, "Bwana Shamba, mashine hii ina nguvu za farasi ngapi? Itavuta tani moja?" Ni swali zuri, lakini liko swali linalotangulia: tela likianza kuisukuma mashine, mashine itaweza kulizuia? Mimi mwenyewe nilijifunza kuuliza hivyo baada ya kufanya kosa, na kosa lenyewe nitakueleza.

Miaka kadhaa iliyopita kikundi cha wakulima wa mboga kilinijia kutaka ushauri. Walikuwa wakichukua samadi ya ng'ombe upande wa Pugu, karibu na mnada wa mifugo, na kuipeleka kwenye bustani zao bondeni, upande wa mto Msimbazi, ambao chanzo chake ni vilima hivyo hivyo vya Pugu. Nikapiga hesabu harakaharaka. Nikawaambia, "Tela mtalipandisha tupu, mtalishusha limejaa. Kushuka hakuna kazi. Pawatila inawatosha." Wakanunua pawatila, na fundi mmoja akawatengenezea tela. Lilikuwa tela zuri, lakini halikuwa na breki, na mimi nililiona na sikusema neno.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Sanduku la tela lilikuwa na urefu wa meta 2, upana wa meta 1 na kimo cha nusu meta, yaani meta moja ya ujazo. Samadi mbichi ya ujazo huo hukaribia tani moja. Baadaye wakaona safari ni nyingi, wakaongeza mbao pembeni, kimo kikafika meta 1. Sasa mzigo ukawa karibu tani 2. Mashine ni ile ile.

Siku moja ya masika, kwenye mteremko wa udongo, tela likaanza kuisukuma mashine. Kijana aliyekuwa akiendesha aliona mtaro upande wake wa kushoto. Akabana klachi ya mkono wa kulia ili akate kulia, kama alivyozoea. Mashine ikakata kushoto, ikaingia mtaroni, na tela likaja juu yake. Mguu wake ulivunjika mahali pawili. Amepona, namshukuru Mungu, lakini hadi leo anachechemea.

Nilipokwenda kumwona, mzee mwenyekiti wa kikundi aliniambia kwa upole, "Mwanangu, sisi tulikuuliza wewe." Hakusema zaidi. Na kweli, nilikuwa nimepima mzigo lakini sikupima njia.

Sasa tuangalie kilichotokea, maana kinaweza kumtokea yeyote.

Kwanza, kilima. Mteremko ukiwa wa moja kwa tano, yaani kila meta 5 unashuka meta 1, basi sehemu ya tano ya uzito wote hugeuka kuwa msukumo wa kuteremka. Chukua tani 2 za samadi, tela lenyewe kilo 250, na mashine kilo 350. Jumla ni kilo 2,600. Sehemu yake ya tano ni kilo 520. Tope lenyewe hupunguza msukumo huo kidogo kwa kuyakwamisha magurudumu, lakini bado hubaki zaidi ya kilo 300 zinazosukuma.

Pili, tairi. Wengi hudhani kinachovuta ni injini peke yake. Injini huzungusha, lakini kinachoshika ardhi ni tairi, na tairi hushika kulingana na uzito unaoikandamiza. Kwenye udongo mkavu hushika kwa nusu ya uzito huo, takriban. Kwenye tope ni robo, au chini ya hapo. Magurudumu ya pawatila ile, pamoja na uzito wa tela uliolalia pini, yalikandamizwa na kilo 550 hivi. Robo yake haifiki 140. Basi kilo 140 zitazuiaje kilo 300? Hata ungeiwekea mashine ile injini ya lori, isingezuia.

Tatu, usukani. Hili, ndugu mkulima, ulishike sana. Pawatila nyingi hukatishwa kona kwa klachi mbili za mikononi. Mahali pa tambarare ukibana ya kushoto, gurudumu la kushoto hukosa nguvu, la kulia likaendelea kusukuma, nawe ukakata kushoto. Lakini kwenye mteremko tela likisukuma mambo hugeuka. Gurudumu ulilolibania klachi huachwa huru likakimbia, na lile jingine huzuiwa na injini. Ndipo unapobana kulia ukaenda kushoto. Yule kijana hakuwa mzembe. Hakuna aliyemweleza jambo hilo, na wa kumweleza nilikuwa mimi.

Haya, sasa wewe unayetaka kununua chombo ufanye nini?

Anza na mzigo mzito kuliko yote utakaobeba, tena ukiwa umelowa. Maji ni rahisi kupima: lita 1 ni kilo 1, kwa hiyo tangi la lita 1,000 ni tani moja kamili. Mchanga wa ujengaji hufika tani moja na nusu na zaidi kwa kila meta ya ujazo. Mifuko ya chakula cha kuku ihesabu kwa kilo zilizoandikwa juu yake. Kisha ongeza uzito wa tela lenyewe. Usisahau hapo, maana wengi husahau.

Halafu itembee njia kwa miguu, toka mwanzo hadi mwisho, ukitafuta mteremko mbaya kuliko yote. Upime hivi: chukua ubao ulionyooka wa meta 2. Ncha moja iweke chini upande wa juu, ncha nyingine uinue mpaka ubao ulale sawa, ukitumia chupa yenye maji juu yake kama pimamaji. Pima nafasi iliyobaki chini ya ncha uliyoinua. Ikiwa sentimeta 20, kilima ni moja kwa kumi. Ikiwa sentimeta 40, ni moja kwa tano, na hapo pana hatari. Jiulize pia njia hiyo itakuwaje wakati wa masika. Na kama kuna mchanga laini, fahamu kwamba kuvuta kwenye mchanga kunaweza kuwa kazi kubwa kuliko kupanda kilima.

Baada ya hapo ndipo uangalie chombo. Soma kitabu chake na kibati chake, maana mtengenezaji huandika uzito unaoruhusiwa kuvutwa. Kama tela halina breki, kuwa mwangalifu zaidi. Nchini Uingereza, kwa mfano, sheria hairuhusu gari dogo kuvuta tela lisilo na breki linalozidi kilo 750, au nusu ya uzito wa gari, kile kipimo kilicho kidogo. Kwa trekta, ushauri wangu ni kwamba tela lisilo na breki, pamoja na mzigo wake, lisizidi uzito wa trekta lenyewe, na penye kilima au tope lipungue sana kuliko hapo. Zaidi ya hapo, weka breki kwenye tela. Gharama ya breki si sawa na gharama ya mguu wa mtu.

Usije ukadhani nakwambia ununue chombo kikubwa tu. Trekta la nguvu za farasi 50 lina uzito wa tani 2 hivi, na kwa tela la tani moja na nusu litakuhudumia vizuri. Lakini kulitumia kubebea mifuko mitano ya pumba ni kuchoma dizeli bure, na kwenye vichochoro vyetu vya Gongo la Mboto halipiti. Njia ikiwa ya tambarare, mzigo usiozidi tani moja, na tela lina breki, pawatila itakufaa. Kama una mzigo mkubwa mara mbili au tatu tu kwa mwaka, kodi kenta siku hizo. Usinunue chombo cha mwaka mzima kwa ajili ya kazi ya siku tatu.

Mwisho, namna ya kupakia na kuendesha. Katika tela la magurudumu mawili, panga mzigo ili sehemu moja kati ya kumi ya uzito ilalie mbele, kwenye pini. Mzigo ukizidi nyuma, tela litayumba kama mkia wa samaki na kuinua nyuma ya chombo kinachovuta. Pini ifungwe isichomoke, na mnyororo wa akiba uwepo. Kabla ya kuteremka, simama, ingiza gia ndogo, halafu shuka nayo polepole. Usikanyage klachi njiani wala usibadilishe gia. Kumbuka ukiongeza mwendo mara mbili, umbali wa kusimama huongezeka mara nne. Na watu wasipande juu ya mzigo.

Kile kikundi bado kinaendelea na kazi. Waliondoa zile mbao za kuongezea, wakafunga breki kwenye tela, na masika wanakodi kenta inayopita barabara ya lami. Safari ni nyingi kuliko zamani, na mama mmoja wa kikundi huniambia, "Tunachelewa, Bwana Shamba, lakini tunafika wote." Nami siku hizi mkulima akiniuliza habari ya tela, simjibu ofisini. Tunakwenda kwanza kuiona njia, mimi na yeye, na ubao wetu wa meta 2.

Nawe fanya hivyo, ndugu mkulima, kabla hujatoa fedha zako.