Moyo wa Mchoraji



Mtoto akipenda kuchora, wazee humwuliza, "Kazi hii italeta chakula gani?" Swali hilo si baya, maana njaa si mchezo. Lakini mkumbukeni Sam Ntiro, mwana wa Machame, aliyezaliwa mwaka 1923. Alijifunza uchoraji Makerere, kisha London, katika chuo cha Slade. Huko aliona kazi za mafundi wakubwa, walakini migomba ya kwao hakuiacha. Alichora watu wakimpelekea bibi arusi mbege usiku; na picha hiyo ya mwaka 1956 ikanunuliwa na Jumba la Sanaa za Kisasa la New York. Mwaka 1961 akawa balozi wa Tanganyika huko Uingereza. Hata hivyo baadaye alirudi kufundisha sanaa.

Basi, ushujaa wa msanii ni kuamini ya kuwa kihamba cha baba yake chastahili kutazamwa na ulimwengu, na kukichora kila siku, asifiwe asisifiwe. Nanyi walimu, mwonapo mtoto achoraye, msimnyang'anye kalamu. Mwulizeni, "Umeona nini?" Kisha mpeni karatasi nyingine.