Kifafa cha mimba si mzimu: chanzo ni kondo la nyuma

Ukiteremka kwenye basi pale Makambako, mahali ambapo barabara ya Songea inaachana na ile ya kwenda Mbeya, kitu cha kwanza kukupokea ni upepo. Katika halmashauri ya mji huo imo kata ya Kitandililo, na huko ndiko ninakotaka mazungumzo yetu ya leo yaanzie.

Tuseme kuna binti wa huko mwenye mimba yake ya kwanza, mwezi wa nane. Miguu imevimba, viatu haviingii. Wakubwa wanamwambia asiwe na wasiwasi, huenda amebeba pacha. Siku ya pili kichwa kinamgonga na machoni anaona vimulimuli. Usiku anaanguka, mwili unakakamaa na kutetemeka, anauma ulimi. Nyumba nzima inapigwa na butwaa. Mmoja anasema ni mzimu. Wa pili anasema karogwa na wifi yake. Wa tatu anauliza kwa sauti ya chini, huyu binti amefanya nini hata yamfike haya? Wakati wao wanashauriana, saa zinakwenda.

Kisa hiki nimekitunga mimi, lakini wauguzi wengi watakitambua. Kinaitwa kifafa cha mimba. Kabla ya kifafa chenyewe huja hali ambayo waganga wa hospitali huiita priklampsia, yaani presha ya mimba iliyokwisha kuanza kuumiza viungo vya mwili. Jina hilo la kitaalamu lina asili ya Kigiriki, nalo lina maana ya kumulika ghafla kama radi. Walioliweka waliona ugonjwa unavyopiga bila taarifa. Leo tunajua kwamba taarifa ipo, ila haionekani kwa macho.

Basi chanzo ni nini?

Ndugu wasikilizaji, chanzo si mtoto. Tunalijua hilo kwa sababu ipo mimba iitwayo mimba zabibu, ambayo ndani yake huwa hamna mtoto bali tishu za kondo zilizoota vibaya, na mwanamke mwenye mimba hiyo naye huweza kupata ugonjwa huu. Kinachohitajika ili ugonjwa utokee ni kondo la nyuma.

Katika miezi ya mwanzo, seli za kondo hupenya katika ukuta wa mji wa mimba na kuipanua mishipa ya damu ya mama. Fikirini mkulima wa bustani ya bondeni wakati wa kiangazi. Akipanua mfereji vizuri, maji yanafika kila tuta. Akiuacha mwembamba, maji yanapita kidogo na kwa kishindo. Kwa wanawake wengi wanaopata ugonjwa huu, hasa ule unaokuja mapema, kazi ya kupanua mishipa haikukamilika. Kondo linakosa damu ya kutosha, linakosa hewa, linaanza kuumia.

Kondo lililoumia halikai kimya. Humwaga katika damu ya mama protini zinazodhuru utando wa ndani wa mishipa. Mwaka 2003 watafiti wa Boston, Marekani, akiwamo Daktari Ananth Karumanchi, walieleza habari za mojawapo ya protini hizo. Walipowapa panya wenye mimba protini hiyo, panya walipanda presha na mkojo wao ukatoa protini, kama inavyokuwa kwa binadamu.

Mishipa ikidhurika hubana, na presha hupanda. Chujio za figo huvuja, protini ikaingia katika mkojo. Maji hutoka kwenye mishipa, uso na mikono ikavimba. Ini huumia, na mama akasikia maumivu chini ya mbavu za kulia. Ubongo nao ukifikiwa, hapo ndipo kifafa.

Sasa tazameni jambo hili. Kasoro ilianza katika miezi ya mwanzo, wakati tumbo halijaonekana vizuri. Dalili zinakuja baada ya wiki ya 20, mara nyingi miezi ya mwishoni. Huyo wifi anayeshutumiwa kwa yaliyotokea jana amefanya nini, ikiwa mambo yaliharibika miezi mingi iliyopita?

Na wale wanaomlaumu mke wasikilize hili. Kondo hujengwa na mimba yenyewe, na nusu ya urithi wake hutoka kwa baba. Uchunguzi uliofanywa Norway na Marekani umeonyesha kwamba urithi wa upande wa baba nao unachangia. Kwa hiyo mama mkwe anayenyooshea kidole ukoo wa mkwewe hajui kwamba ukoo wake mwenyewe huenda umo katika kesi hiyo.

Wala tusidhani kwamba huu ni ugonjwa wa maskini wa kijijini. Allyson Felix, mwanariadha wa Marekani mwenye medali za dhahabu za Olimpiki, aliupata mwaka 2018 akalazimika kujifungua kwa upasuaji katika wiki ya 32. Tofauti ni kwamba yeye alipimwa, ukagunduliwa mapema.

Walio katika hatari zaidi ni wenye mimba ya kwanza, wenye mimba ya pacha, waliowahi kuupata, na wenye presha, kisukari au maradhi ya figo. Lakini hata asiye na lolote kati ya hayo anaweza kuupata. Ndiyo maana kipimo ni kwa wote. Presha ikifika 140 kwa 90, na mkojo una protini, hapo pana hatari. Ikifika 160 kwa 110 ni dharura ya saa ile ile.

Nchi yetu imepiga hatua. Takwimu za taifa za 2015/16 zilionyesha vifo 556 vya wazazi kwa kila vizazi hai 100,000. Zile za 2022 zilionyesha 104. Lakini kila mmoja wa hao 104 ana jina na ana mlango aliotokea.

Dawa ipo. Sindano ya magnesiamu salfeti hupunguza hatari ya kifafa kwa zaidi ya nusu. Jambo hilo lilithibitishwa mwaka 2002 kwa wanawake zaidi ya 10,000 wa nchi 33. Kwa walio katika hatari kubwa, daktari anaweza kuwapa aspirini kidogo kidogo kabla ya wiki ya 20. Mtu asijinunulie mwenyewe dukani. Tiba ya mwisho ni kujifungua, kondo litoke. Hata hivyo mzazi aendelee kuangaliwa, maana kifafa huweza kuja hata baada ya kujifungua.

Akianguka, mlazeni ubavu wa kushoto, msimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, tafuteni gari.

Nanyi mnaosoma haya mkiwa mjini, mna dada na shemeji vijijini. Mnapotuma fedha za mbolea, tumeni pia nauli ya kliniki. Mnapopiga simu, msiishie kuuliza hali. Ulizeni: umepimwa presha mwezi huu? Mkojo umepimwa? Kama hapana, mwambieni arudi akadai kipimo, ni haki yake.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Maradhi haya hujificha yenyewe, na kipimo ndicho kinachoyaumbua kabla ya kilio.

Hadi juma lijalo, kwaherini.