Mjomba na Mpwa: Tibet na Dola ya Tang

Leo tunapanda hadi uwanda wa Tibet, ulio juu ya mita 4,000 kutoka usawa wa bahari. Tukiisikia Tibet, wengi wetu huwaza watawa wa Kibudha na mahekalu yaliyojificha milimani. Lakini kwa karne mbili, kuanzia miaka ya 630, majirani wa Tibet walikuwa na picha nyingine kabisa. Waandishi wa China wa enzi hizo walisimulia juu ya wapanda farasi waliovaa deraya mwili mzima, wao na farasi wao, yakabaki macho tu.

Aliyeanzisha dola hiyo ni mfalme Songtsen Gampo. Aliyaunganisha makabila ya uwandani, akaufanya Lhasa kuwa makao yake, kisha akapeleka posa China, ambako ukoo wa Tang ulitawala kutoka mji wa Chang'an. Alinyimwa. Mwaka 638 akashuka na jeshi hadi Songzhou, katika jimbo linaloitwa leo Sichuan. Majeshi ya Tang yalimrudisha nyuma, ila Kaizari Taizong alikwisha kuona mtu wa aina gani anampigia hodi. Wahenga walisema, mkono usioweza kuukata, ubusu. Songtsen alipomtuma tena mshenga, waziri wake mkuu Gar Tongtsen, akiwa na wakia 5,000 za dhahabu, posa ilikubaliwa.

Mwaka 641 Binti Mfalme Wencheng akafunga safari ya Lhasa. Hakuwa mtoto wa kuzaliwa wa kaizari, bali wa jamaa yake katika ukoo wa kifalme. Aliishi Tibet karibu miaka 40, hadi alipofariki mwaka 680. Baada ya ndoa hiyo Watibet waliomba na kupewa mayai ya viwavi wa hariri, pamoja na mafundi wa kutengeneza pombe, mawe ya kusagia, karatasi na wino. Mwaka 710 bibi harusi wa pili, Binti Mfalme Jincheng, akafuata njia hiyo hiyo. Tangu hapo kaizari wa China akahesabiwa mjomba, na mfalme wa Tibet mpwa.

Undugu huo haukuzuia vita, kwa sababu kilichogombewa kilikuwa kikubwa: Njia ya Hariri. Misafara mingi ya kwenda magharibi ilipita kwenye miji ya jangwani kaskazini mwa Tibet. Aliyeishika miji hiyo alishika ushuru, malisho ya farasi na habari za dunia. Mwaka 663 Watibet waliuteka ufalme wa Tuyuhun, kando ya ziwa Kokonor. Mwaka 670 wakaiteka miji minne ya ngome za Tang, miongoni mwake Kashgar na Khotan, na jeshi kubwa lililotumwa kuwaadhibu likasambaratishwa huko Dafeichuan. Askari wa Tang walikuwa wamepanda kutoka mabondeni kwenda kupigana penye hewa nyembamba na baridi kali. Iliwachukua Wachina hadi mwaka 692 kuikomboa miji ile.

Kisha, mwaka 755, jenerali An Lushan aliasi ndani ya China yenyewe. Kaizari akayaita majeshi ya mpaka wa magharibi yaje kumwokoa, na mpaka ukabaki mtupu. Watibet wakaingia taratibu, wilaya moja baada ya nyingine. Nguzo ya mawe iliyosimamishwa Lhasa katika karne hiyo inaeleza kilichowaudhi: Tang walikuwa wakilipa majora 50,000 ya hariri kila mwaka, na kaizari mpya hakutaka kuendelea. Mwishoni mwa mwaka 763 jeshi la mfalme Trisong Detsen liliingia Chang'an, mmojawapo wa miji mikubwa kuliko yote duniani wakati huo. Kaizari Daizong akakimbia. Watibet wakamweka kwenye kiti mtu wao wa ukoo wa Tang, wakakaa takriban wiki mbili, kisha wakaondoka na nyara zao.

Tang hawakuwa na nguvu za kulipiza kisasi peke yao. Mwaka 787 waziri Li Mi akamshauri kaizari amzingire adui kwa marafiki: Wauighur kaskazini, ufalme wa Nanzhao kusini, na hata Waarabu wa ukhalifa wa Abbasiya huko magharibi. Mpango ulianza kuzaa matunda. Wauighur walipewa binti mfalme, na Nanzhao, waliokuwa washirika wa Tibet, wakageuka mwaka 794. Hapo Tibet ikajikuta inapigana pande zote. Lakini si Waarabu wote waliosimama dhidi yake: katika vita vya mwaka 801, kumbukumbu za China zinasema kuwa miongoni mwa askari wa upande wa Tibet waliosalimu amri walikuwamo Waarabu na watu wa Samarkand.

Pande zote mbili zilichoka. Mwaka 821 wajumbe walikula kiapo Chang'an, mwaka uliofuata wakaapa Tibet, na mwaka 823 mapatano yakachongwa kwenye nguzo ya mawe mbele ya hekalu la Jokhang, kwa Kitibet na Kichina. Mashariki ni China, magharibi ni Tibet. Hakuna kuvamia wala kunyang'anya ardhi. Mtu akishukiwa mpakani ahojiwe, apewe nguo na chakula, arudishwe kwao. Wajumbe wa kila upande wabadilishe farasi mahali palipokubaliwa.

Miaka 20 baadaye dola ya Tibet ilivunjika kwa ugomvi wa ndani, baada ya mfalme Langdarma kuuawa mwaka 842. Tang nao wakaanguka mwaka 907.

Nguzo ya mapatano ingali imesimama Lhasa, na mabishano juu yake hayajakwisha. Serikali ya China husisitiza maneno ya mjomba na mpwa. Watibet wanaodai uhuru husisitiza mpaka uliotajwa. Maneno yote mawili yamo. Lakini mjomba aliyelipa majora 50,000 kwa mwaka, na kukimbia mji wake mkuu, hakuwa bwana wa mpwa wake. Mwaka 821 na 822 zilikula kiapo dola mbili zilizolingana, na amani yao ilipatikana kwa kuwa hakuna iliyoweza kuimeza nyingine.

Juma lijalo, panapo majaliwa, tutaangalia namna Wamongolia walivyoingia Tibet na kutoka na dini ya Kibudha. Usikose.